Kekeo wa Mwalimu Njau

Mwalimu Njau hakuwahi kuacha tabia yake ya kunyamazisha watu. Ungekuwa katikati ya habari yako, umefika pale penye utamu, mara mkono wake wa kulia unapanda, kidole kinasimama hewani, naye anasema, "Sss! Umesikia?" Alifanya hivyo harusini, bwana harusi akiwa kwenye kiapo. Alifanya hivyo kwenye mazishi ya shemeji yake, padre akiwa ameshika udongo mkononi. Alifanya hivyo katika foleni ya benki pale Ruiru, na foleni nzima ikaganda, mlinzi akakaza mkono kwenye rungu, kwa maana mtu anayekuambia unyamaze ndani ya benki kwa kawaida hana habari za ndege. Njau alikuwa nazo. "Huyo ni shore," alisema, akashusha kidole, akarudi kungoja zamu yake. Shore ni ndege anayelia kwenye kila kichaka cha Ruiru tangu alfajiri mpaka magharibi. Ni sawa na kunyamazisha watu ili wasikie pikipiki.

Alikuwa amefundisha jiografia katika shule za msingi za Ruiru na Juja mpaka akastaafu. Miaka yote hiyo aliwaambia watoto kwamba dunia ina majira manne, na kwamba moja kati ya hayo, majira ya kuchipua, hufika mwezi wa Machi theluji inapoyeyuka, ndege wakarudi na maua yakafunguka. Watoto waliandika habari za theluji kwenye mitihani, wakapata alama zao, kisha wakatoka nje kwenye vumbi la Februari na kupiga chafya. Nadhani alipostaafu alitaka kuhakikisha kama aliyokuwa akifundisha ni kweli. Alinunua darubini, kofia yenye kamba ya kufungia kidevuni, na suruali yenye mifuko mpaka magotini ambayo ndani yake hakuweka kitu cha maana.

Yeye na Himatlal ndio walioanzisha kikundi chetu, tukakiita Macho Juu. Himatlal alizaliwa Thika, na baba yake alikuwa akiuza misumari. Yeye aliendelea kuuza misumari, akaongeza mabati, majembe, rangi na vitasa. Kikuyu chake kilikuwa kisafi kuliko cha watoto wa Njau, ambao ukiwaamkia kwa Kikuyu walikujibu kwa Kiingereza na kukuuliza neno la siri la intaneti. Sisi wengine tulikuwa hadhira. Kulikuwa na Tabby, muuguzi wa kutoka Kiuu, ambaye alijipiga picha akiwapa ndege mgongo. Kulikuwa na mimi, ambaye nilijiunga kwa sababu Jumapili alasiri huwa ndefu watoto wakishakua. Tulitembea mashambani, tukaona mbayuwayu wamejipanga kwenye nyaya za stima wakijiandaa kwenda zao Ulaya, na korongo wakizunguka juu ya mananasi. Tulipita mabango ya ploti yenye majina ya ndege. Kila mahali palipokuwa na kinamasi sasa pana bango, na ndege wa mwisho kuonekana hapo ni yule aliyechorwa juu yake.

Mashindano yaliletwa na Himatlal. Mwanawe Uday anaishi Leicester, na mzee alikuwa akienda kumtembelea mara kwa mara akirudi na chai ambayo ilikuwa imelimwa Limuru. Safari moja alirudi na jambo jipya.

"Kule," alituambia, "wazee wanashindana nani atamsikia kekeo wa kwanza. Kekeo akilia, baridi imekwisha, spring imefika. Mwenye kumsikia kwanza anatembea mtaani kama yeye ndiye alimleta."

Tumeletewa mengi kutoka huko. Hili angalau lilikuwa jepesi kubeba. Himatlal akatoa kikombe cha shaba alichokuwa ameshinda kwenye mchezo wa badminton akiwa kijana, akakwangua maandishi ya zamani, na sheria zikawekwa: kila mwaka, mtu wa kwanza kumsikia kekeo anatangaza kwenye WhatsApp ya kikundi, na lazima awe na shahidi. Kila mwaka Himatlal alishinda. Nyumba yake ina miti mikubwa inayoshuka mpaka mto Chania, na kekeo, kama wageni wengine wanaojua maisha, huanzia kwa wenye bustani. Kikombe kilikaa kwenye kaunta ya duka lake, katikati ya bawaba na makufuli. Njau alikuwa akienda pale kununua msumari mmoja mmoja, nadhani ili aumie vizuri.

Lakini huku kwetu kekeo hana mashindano. Ana kazi. Sauti yake ni noti tatu zinazoteremka, na mashambani kule Kalimoni, upande wa Juja, watu husikia akisema *Haanda riu*, panda sasa. Mwenye jembe akimsikia ndege wa mvua, hutazama mbingu mara moja tu, kwa adabu, kisha anaenda kutoa mbegu. Nimewahi kuwaza juu ya jambo hili. Kekeo ni ndege asiyejenga kiota. Hutaga kwenye kiota cha mwenzake, akaenda zake, na yule mwenzake hulea kinda ambalo limewasukuma watoto wake nje. Katika viumbe wote, huyu ndiye tuliyemkabidhi kalenda.

Kalimoni ndiko alikokuwa akiishi Wakonyo, dada mkubwa wa Njau, kwenye shamba la baba yao. Alikuwa mjane mwenye sauti iliyofika ng'ambo ya bonde bila msaada. Mawakala wa ploti walikuwa wamemfuata mpaka wakachoka. Mmoja alifukuzwa na bata. Wakonyo hakuwa na habari za Macho Juu, ila alitupikia chai tulipopita, na alituita "wale watu wa kuangalia juu."

Alikuwa na mbegu ya njahi. Kwa asiyejua, njahi ni maharagwe meusi yenye mstari mweupe ubavuni, na kwetu ndiyo chakula cha mwanamke aliyetoka kujifungua. Njahi ya Wakonyo haikuwa ya dukani. Aliipokea kwa mama yake, aliyeipokea kwa mama yake, na mwaka baada ya mwaka aliihifadhi kwenye mtungi wa plastiki wa mafuta ya kupikia, imechanganywa na majivu. Mwaka huo mambo mawili yalikutana. Fukusi waliingia mtungini wakaanza kutoboa, kwa hiyo mbegu yote ilibidi iende ardhini msimu huo huo, au ipotee. Na binti yake, Wangeci, alikuwa na mimba changa, ya kwanza, baada ya kungoja sana. Wakonyo alikuwa ameapa kwamba mtoto yule atanyonya maziwa yaliyotokana na njahi ya nyanya zake. Alimwambia kila mtu. Alimwambia hata bata.

Basi Februari hiyo Njau akaona hawezi tena kungoja. Alikuwa amesoma mahali kwamba wataalamu wakimtaka ndege hupiga sauti yake iliyorekodiwa, na dume mwenye eneo lake, akidhani kuna mwizi, hutokea kupigana. Alishuka Githurai 45, kwenye meza ya Mwas anayeuza simu, akaomba spika ndogo isiyo na waya.

"Buda, hii kitu ni moto," Mwas akamwambia. "Ni ya kesha ama ni ya klabu?"

"Ni ya ndege."

Mwas akamtazama kuanzia kofia mpaka mifuko ya magotini. "Sawa tu. Hao ndege watadansi."

Naomba haki itendeke hapa: Njau hakukusudia kumdanganya mtu. Alikusudia kumdanganya ndege, jambo ambalo aliliona ni la kitaalamu. Alienda Kalimoni kwa dada yake, akapanda kwenye mgunga ulio ukingoni mwa shamba, akaifunga spika kati ya matawi kwa kamba ya kofia yake, akashuka na kuketi kivulini na simu mfukoni. Akabonyeza. *Haanda riu*, mgunga ukasema. Kimya. *Haanda riu*. Hakuna kekeo aliyejibu, kwa sababu wakati huo kekeo wote walikuwa mahali pengine wakiendelea na maisha yao.

Aliyejibu alikuwa Wakonyo. Alitoka jikoni mikono ikidondosha maji.

"Muru wa maitu, mwana wa mama yangu! Umemsikia?"

Palikuwa na nafasi hapo ya kusema "Ni mimi." Yalikuwa maneno mawili tu. Njau aliinua kidole.

"Sss!" akasema, na kwa mkono wa pili akabonyeza tena.

Wakonyo alisimama akisikiliza, kichwa kimeinama upande. "Amekuja mapema," akasema taratibu. "Mapema sana. Lakini yeye ndiye anajua, sisi tunajua nini?"

"Una uhakika umemsikia?"

"Mimi si kiziwi."

"Basi sema hapa." Njau akamsogezea simu. "Sema jina lako, na useme umemsikia."

Ndivyo Macho Juu tulivyopata sauti ya Wakonyo ikitangaza, kwa ukubwa uliofanya simu yangu itetemeke mezani, kwamba amemsikia ndege wa mvua kwake Kalimoni, na aliye na mbegu asikae nayo. Pongezi zikafuata. Tabby alituma mikono inayopiga makofi. Mtu fulani alituma tangazo la harambee ya kanisa, kama kawaida. Himatlal alichelewa kujibu, kisha akaandika: "Hongera Mwalimu. Jumapili naleta kikombe mwenyewe."

Wakonyo naye hakungoja Jumapili. Alimwita jirani yake Maluki juu ya ua, Maluki akapeleka habari kwenye kinu cha kusagia unga, na mahindi ya watu yalipokwisha kusagwa, Kalimoni nzima ilijua. Kesho yake watu walikuwa mashambani. Udongo wa kule ni mweusi. Jua likiuchoma hupasuka nyufa ambazo mtoto anaweza kupotezea kiatu. Walipanda ndani ya nyufa hizo. Wakonyo alipanda njahi yote, mtungi mzima, akakung'uta majivu ya mwisho juu ya mashimo.

Na Njau? Alikuwa pale. Wakonyo alimwomba ashike upande mmoja wa kamba ya kunyooshea mistari, naye Njau akasema mgongo unamsumbua. Mtu aliyesimamisha benki kwa ajili ya shore alishindwa kufungua kinywa kwa ajili ya mbegu ya mama yake. Angesema wakati ule, mbegu zingerudi mtungini na yeye angechekwa mpaka jioni, basi. Lakini kikombe kilikuwa kinakuja. Alijiambia kwamba mvua huenda ikaja mapema hata hivyo, na ikija hakuna aliyepoteza. Alianza kutazama mawingu kwa darubini, kana kwamba wingu likionekana kubwa litakuwa karibu.

Jumapili tulifika ndani ya pikapu ya Himatlal. Alikuwa amevaa suruali yenye mikunjo ya pasi iliyoweza kukata mkate, amebeba kiti chake cha kukunja, na kikombe kimefungwa kwa karatasi ya kaki. Majirani walikuwa wamekuja kuona Mhindi akimtuza Njau. Maluki alikuja na benchi. Wakonyo aliandaa chai na mandazi. Jua lilikuwa kali hivi kwamba mbuzi walikuwa wamejipanga kwenye kivuli cha pikapu kabla hatujashuka sote.

Himatlal alisimama ukingoni mwa shamba.

"Wakonyo, mmepanda? Na hili jua?"

"Ndege wenu amesema."

"Ndege wetu." Himatlal alitazama mashimo mstari baada ya mstari, kisha mashamba mengine mpaka bondeni, yote yamechimbwa na kufukiwa, vumbi likipeperuka juu yake. Nilimwona akiacha kutabasamu. Mtu aliyeuza jembe maisha yake yote hujua jembe linapotumika bure. Akamgeukia rafiki yake. "Mwalimu, kwangu hajalia. Kwa Uday najua bado ni baridi. Huyu wako amewatangulia wote. Mimi sikatai. Lakini nataka kumsikia kabla sijatoa kikombe."

"Ndege haitwi kama teksi," Njau alisema.

"Tutangoja. Nimekuja na kiti."

Tukangoja. Chai ikanywewa. Niliona mkono wa Njau ukiingia mfukoni, nikadhani anatafuta leso. Na hapo, juu ya mgunga, noti tatu zikateremka, safi kabisa. *Haanda riu*.

"Sss!" Njau alisema, kidole hewani, ingawa hakuna aliyekuwa akiongea.

Himatlal aliinuka na darubini. Tabby alijigeuza ili mti uwe nyuma yake. Ndege akalia tena. Majirani wakatikisa vichwa kwa kuridhika, kama watu waliomwona shahidi wao akiingia mahakamani. Tukakaza macho kwenye matawi, tukangoja mara ya tatu, na mgunga, kwa sauti ya mwanamke wa Kichina aliyejifunza Kiingereza chake haraka, ukasema:

"Battery low. Please charge."

Himatlal alishusha darubini.

"Ndege wa siku hizi," Maluki alisema hatimaye, "wamesoma."

Hakuna aliyecheka, kwa sababu Wakonyo alikuwa ameshaanza kutembea. Alienda mpaka kwenye mgunga, akamwashiria Maluki, Maluki akapanda na kushuka na kile kispika kikining'inia kwenye kamba ya kofia. Wakonyo akakipokea. Alikifuta vumbi kwa upindo wa leso yake, polepole, kama mtu anayemfuta mtoto kamasi.

"Ni huyu?"

"Wakonyo, nisikilize..."

"Nimekusikiliza wiki nzima. Ulininyamazisha nikanyamaza." Hakupaza sauti. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiongea kwa sauti ya chini, na sikutaka kuisikia tena. "Mbegu ya maitu iko chini, Njau. Piga magoti."

Kwa bahati, kitu kimoja tu kilikuwa upande wetu: kwa kuwa mvua haikuwepo, mbegu haikuwa imeota wala kuoza. Ilikuwa pale pale ilipozikwa, kama haikuwa imeliwa. Majirani walikimbilia mashamba yao. Sisi tulibaki kwa Wakonyo. Ni lazima nieleze kazi ilivyokuwa. Njahi ni nyeusi, na udongo wa Kalimoni ni mweusi. Huioni punje. Unachoona, ukibahatika, ni ule mstari mweupe wa ubavuni, mwembamba kama ukucha wa mtoto, na punje ikiwa imelala kifudifudi huoni hata huo. Tulitambaa. Mwalimu Njau alitambaa na darubini ikining'inia shingoni na kuchota vumbi. Himatlal alitoa mwiko mpya wa fundi kutoka kwenye pikapu, lebo ikiwa bado juu yake, akapiga magoti na ile mikunjo ya pasi, akawa anachokoa. Tabby, namsifu, aliweka simu chini.

Ndege nao walikuwa wamefanya kazi yao. Kwale walikuwa wamefukua mstari mzima wa upande wa mto, na hua walikuwa wamesafisha palipobaki. Tulipofika huko kwale mmoja alitoka kwenye nyasi, mzito, akakimbia kwa shida kama mtu aliyetoka karamuni. Njau alimwinulia uso uliojaa udongo. Alikuwa akituambia siku zote kwamba kwale ni ndege mwenye haya, ambaye ni vigumu kumwona karibu.

"Sasa umemwona," Himatlal akamwambia.

Jua lilipopungua, tulikuwa na viganja viwili hivi. Mtungi mzima ulikuwa umekuwa viganja viwili. Hakukuwa na chombo karibu, kwa hiyo tulikuwa tukizitia kwenye kitu cha kwanza kilichopatikana, ambacho ni kile kikombe cha shaba, kilichokuwa kimefunguliwa karatasi na kuachwa juu ya kiti. Himatlal alitazama ndani yake, akatazama rafiki yake, akakunja kiti na kuliacha kombe lake hapo lilipo.

Baada ya siku hiyo Njau hakupita Kalimoni kwa amani. "Mwalimu!" watu walimwita kutoka mashambani. "Leo mvua iko, ama hujachaji?" Watoto aliowafundisha baba zao walimwinulia kidole na kusema "Sss!" Angeweza kubaki Ruiru. Alikwenda kila siku. Alimrekebishia dada yake ua, akamjengea banda la bata, akakaza vitasa ambavyo havikuwa vimelegea. Wakonyo alimpa chai, na chai ile aliiweka chini, si mkononi mwake.

Yaliyofuata Wakonyo mwenyewe alinisimulia, mara nyingi, na kila mara yakiwa na nyongeza. Ilikuwa katikati ya Machi. Mbayuwayu walikuwa wamepungua kwenye nyaya, na vile vindege vyeusi vya majani marefu vilikuwa vimeanza kuota mikia yao mirefu ya msimu wa mvua. Njau alikuwa akipigilia ua. Kutoka kwenye mgunga ule ule noti tatu zikateremka.

Bonde zima likaangua kicheko. "Njau ameanza tena!" mtu alipiga kelele. Hakuna aliyekwenda kutoa mbegu. Watu walikuwa wamemsikiliza ndege yule tangu enzi za nyanya zao, na Mwalimu Njau alikuwa amelimaliza jina lake kwa wiki moja, kwa kidude cha Githurai.

Wakonyo alitoka na kile kikombe mkononi. Fukusi walikuwa wameonekana tena. Punje hizo zisingefika msimu mwingine, na zikifukiwa kwenye vumbi kwa mara ya pili, hakungekuwa na za kufukua.

"Ni wewe?"

"Si mimi, mwari wa maitu. Naapa kwa kaburi la maitu."

"Usimtaje. Leta simu." Akaizima, akaitia ndani ya aproni. Spika ilikuwa kabatini kwake tangu ile Jumapili, nyuma ya sukari. "Geuza mifuko."

Njau akageuza mifuko, yote, mpaka ya magotini. Ilitoka misumari mitatu na peremende.

"Fumba mdomo."

Akafumba. Wakonyo, ambaye haachi jambo nusu, alimwekea na kiganja juu yake. Walisimama hivyo katikati ya shamba, wazee wawili, mmoja amemziba mwenzake kinywa, na Maluki akiwatazama juu ya ua akidhani pengine ni maombi. Ndege akalia. Akalia tena. Wakonyo alimtazama ndugu yake machoni muda mrefu, akasikiliza mara ya tatu, kisha akaondoa mkono na kuupangusa kwenye aproni.

"Shika jembe," akasema.

Safari hii mgongo haukumsumbua.

Mvua ilikuja kabla wiki haijaisha, na ilikuja kama mvua za siku hizi zinavyokuja, kama mtu aliyekasirishwa. Waliokuwa wamecheka walipandia ndani ya tope, wakichelewa, na magugu yakawashinda. Walimlaumu Njau kwa mara ya pili: kwanza kwa kuwapandisha mapema, sasa kwa kuwachelewesha. Njahi ya Wakonyo iliota, ikatambaa, ikatoa maua ya zambarau. Ilipovunwa, sehemu ilirudi kwenye kikombe cha shaba pamoja na majivu, na sehemu ikapikwa siku Wangeci alipotoka hospitalini na mtoto wa kike. Njau alialikwa. Chai alipewa mkononi.

Macho Juu ilikufa polepole. Tabby alihama. Kwenye WhatsApp lilibaki tangazo la harambee. Himatlal hakuwahi kudai kikombe chake. Alipotembea Kalimoni alikiona juu ya kabati, akakisalimia kwa kichwa, akaketi na Njau wakazungumza habari za bei ya saruji.

Mwaka uliofuata moyo wa Njau ulianza kushindwa. Nyumba yake ya Ruiru ilikuwa na ngazi, na wanawe walikuwa na shughuli nyingi za kutuma ujumbe, kwa hiyo Wakonyo alimchukua akamlaza kwenye chumba cha mbele, dirisha likitazama mgunga. Nilikwenda kumwona Machi, siku chache kabla hajafariki. Nilibeba machungwa. Nyuso za wagonjwa huniogopesha, na nikiogopa huongea, basi niliongea: habari za mwanangu Shiko na kazi yake mpya, habari za barabara iliyochimbwa tena pale Kalimoni. Sikumbuki nilikuwa nimefika wapi. Niliona mkono wa kulia ukitoka chini ya blanketi na kidole kikijaribu kusimama.

Nje, juu ya mgunga, noti tatu ziliteremka.

Wakonyo aliyekuwa akilima aliweka jembe chini, akaja mpaka dirishani, akachungulia ndani, akitazama si uso wa ndugu yake bali mikono yake. Njau akaelewa. Aliitoa yote miwili, akailaza juu ya blanketi, viganja juu, mitupu, ili sote tuione.

"Sss, Mama Shiko," akaniambia. "Huyo si mimi."